Kompyuta Sita Yatima

Pa. Pa. Pa-pa-pa. Pa.

Ukipita Mtaa wa Ahsante saa moja na nusu asubuhi utaisikia sauti hiyo kabla hujaona chochote, maana ukuta wenyewe ni mrefu. Wageni hudhani ni mvua ya mawe juu ya bati. Wengine hudhani kuna watu wanapura maharage. Ukifika getini ndipo unapowaona: watumishi arobaini na wawili wa Wizara ya Shukrani, wamejipanga mistari mitano, wanakipigia makofi kiti kitupu.

Kiti ni cha Mheshimiwa Waziri Bahatisha Mkunde. Mwenyewe huingia saa tano, lakini ni lazima akute makofi yamekwisha kupata moto. Makofi ya daraja la tatu ni saba. Ya daraja la pili ni kumi na matatu. Ya daraja la kwanza hayana idadi. Mtu huacha pale Mheshimiwa anapoinua mkono. Mwaka juzi alisinzia kabla hajauinua, tukapiga mpaka chakula cha mchana kikapoa. Hakuna aliyelalamika. Sisi ni watu wenye shukrani.

Mimi nilikuwa mstari wa tatu, upande wa kulia. Naitwa Shaweji, Mtunzi wa Shukrani, Daraja la Pili. Ushairi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe, nikihesabu mizani kwa vidole kwenye foleni ya maji, na sioni haya kusema kwamba katika wizara nzima hakuna aliyenifikia hata kwenye kiwiko. Nasema hivyo mapema ili msomaji ajue ugonjwa wangu ulikuwa wapi.

Nchi yetu naomba nisiitaje. Si kwamba naogopa. Jina inalo, ila aliyelitoa hajulikani, kwa hiyo limesimamishwa mpaka apatikane wa kushukuriwa.

Maana hiyo ndiyo sheria yetu kubwa: hakuna kitu cha bure bila mtoaji, na hakuna mtoaji bila shukrani. Kila dawati la shule lina kibao cha jina la aliyelitoa, na mtoto hufundishwa kulisoma kibao kabla ya kufundishwa a-e-i-o-u. Ndoo ya plastiki ikitolewa, mimi huitungia beti mbili. Beseni huitungia tatu, kwa sababu ni kubwa. Na kitu cha bure kisicho na mtoaji huitwa zawadi yatima, huchukuliwa na kupelekwa Kituo cha Kulelea Zawadi Yatima. Pale kuna mabenchi, pampu ya kisima, na saa ya ukutani iliyookotwa ikiwa inafanya kazi. Kuna daraja pia, ila halikubebeka, kwa hiyo lilifungwa kwa kamba hukohuko mtoni. Wanakijiji walilijenga kwa mikono yao bila kumngoja mtu wa kukata utepe. Sasa huvuka chini yake, maji kiunoni, na wakifika katikati hutazama juu.

*

Nyuma ya soko la nguo kulikuwa na kibanda chenye maandishi ya bluu: SIKUDHANI – KUCHAPA, FOTOKOPI, PICHA ZA PASIPOTI. Mwenye kibanda ni Bi Sikudhani, ambaye mtaa mzima tunamwita Shangazi ingawa hakuna aliyezaliwa na kaka yake. Ndani mlikuwa na kompyuta sita, na zote sita aliziokota.

Ofisi kubwa ndizo zilizozitupa, na wizara yetu mojawapo. Programu za kununua zilizokuwa ndani yake ziligoma. Leo zinasema leseni imekwisha, kesho zinasema mashine imezeeka, keshokutwa zinasema lete nyingine mpya ndipo tuzungumze. Ofisi zikatii, zikazitupa jalalani. Shangazi akazikokota kwa mkokoteni, akazipangusa, akazitia programu huria, zikaamka.

"Programu huria ndiyo nini, Shangazi?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Ni programu ambayo walioitengeneza wameiacha wazi. Unaitumia, unainakili, unampa jirani. Ukitaka kuona ilivyoshonwa, unageuza upande wa ndani unatazama. Ukiona imechanika unatia kiraka, na kiraka chako unawarudishia ili wengine nao wakitumie."

"Nani anatoa?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu, Shaweji. Kwenu hakuna watu?"

Nilicheka, maana nilidhani ananitania. Nikakaa, akanifundisha kuchapa kwa vidole kumi, mimi niliyekuwa nikidonoa kwa viwili kama kuku. Mashairi yangu yote ya kwanza yalizaliwa kwenye mashine ya tatu kutoka mlangoni. Kwenye mashine ya pili fundi cherehani Mwajabu alichora mitindo ya nguo zake. Ya nne ilitunza orodha ya dawa za duka la jirani, ili wajue ipi inakaribia kuharibika. Walimu walichapa mitihani ya watoto. Hakuna aliyepiga makofi. Mashine zilifanya kazi hivyohivyo, na mimi kama mtumishi wa wizara jambo hilo lilinitia wasiwasi kidogo.

Shangazi mwenyewe, wateja wakipungua, alikuwa akifanya kazi moja ya ajabu. Alikuwa akizifundisha zile programu Kiswahili, neno kwa neno.

"Malenga," aliniita siku moja, "mashine inamuuliza mtu kama anataka kazi yake iwekwe isipotee. Nimeandika 'weka', lakini naona kama sufuria hiyo, unaiweka jikoni. Neno gani zuri?"

Nilikuwa katikati ya ubeti wa beseni. Sikuinua hata macho.

"Hifadhi," nikasema.

"Eeh! Hifadhi." Akachapa. Mimi nikarudi kwenye beseni langu, nikasahau.

*

Mwezi ule ukatangazwa mtihani wa kupanda Daraja la Kwanza. Daraja la Kwanza, kwa asiyejua, hukaa kiti cha mbele na hupewa mwavuli wa Serikali, mweusi, wenye mpini wa kupinda na nembo ya viganja viwili. Mvua kwetu hunyesha wiki tatu kwa mwaka. Lakini mwavuli si wa mvua.

Swali lilikuwa moja: *Tunga shukrani kwa zawadi ambayo haijawahi kushukuriwa.*

Wenzangu wote waliandika kuhusu visima vya Mheshimiwa, ambavyo vimeshukuriwa mpaka vimekauka. Mimi nikasema moyoni: nitawaonyesha. Nikaandika kuhusu zile programu. Nakiri hadharani kwamba nilikuwa na nia njema. Nia njema na mwavuli.

Msimamizi wetu, Bwana Tindwa, Mkurugenzi wa Makofi na Mashairi, akausoma ubeti wangu akiusogeza mbali na kuusogelea.

"Mstari wa mwisho, kijana. 'Shukurani tuzilete, zimfike mhisani.' Mhisani yupi?"

"Hana jina, Mkurugenzi. Ni watu tu."

"Watu si jina. Shairi la shukrani bila jina ni bahasha bila anwani. Weka jina, au nenda kakae kule nyuma na wenye visima."

"Mkurugenzi, nikigusa pale mizani itaharibika. Nahitaji mizani nne, na mwisho iwe *ni*."

"Hiyo ni shida yako. Dakika tano."

Nilijaribu jina langu. Sha-we-ji: tatu, na haliishii na *ni*. Nikajaribu jina la Mheshimiwa, likakataa kama punda. Dakika zikaenda. Nikaona mwavuli unaondoka. Ndipo likaja lenyewe, limenyooka, likaingia kwenye ule upenyo kama ufunguo kwenye kufuli lake:

*Zawadi ya watu wote, imefika kibandani,*
*Mashine mbovu zozote, zilizotupwa jaani,*
*Zimefufuka, tupate, kuandika mitaani,*
*Shukurani tuzilete, zimfike Sikudhani.*

Si-ku-dha-ni. Nne. Nikahesabu tena kwa vidole, nne. Vina vimekaa, mizani imetimia. Naapa kwamba wakati ule sikumfikiria mtu mwenye jina hilo. Niliona vipande vinne vya sauti, nikavitumia kuziba tundu.

"Safi," alisema Bwana Tindwa. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akalizungushia duara. "Na huyu Sikudhani anatoa zawadi bila kusajiliwa tangu lini?"

*

Lori lilifika kibandani kesho yake. Maofisa tisa, kompyuta sita. Kila mashine ilivishwa kitambulisho shingoni, au mahali walipokadiria kuwa shingo: YATIMA NA. 1, YATIMA NA. 2, mpaka sita. Ya tatu, mashine yangu, ilikuwa na kazi ya mwalimu iliyobaki nusu. Ofisa aliing'oa waya akiwa anaipapasa mgongoni na kuiambia isiogope.

Siku ya Jumanne shauri likasikilizwa ukumbini, mbele ya kile kiti, na safari hii kilikuwa na mtu. Mheshimiwa Mkunde akasimama.

"Ndugu wananchi," alisema, "leo ni siku ya kihistoria, kama ilivyokuwa jana. Taifa lisilojua nani kalipa ni taifa lisilojua liiname upande gani! Mimi mwenyewe, tangu nizaliwe, sijawahi kula kitu bila kujua kimetoka mfuko wa nani!"

Makofi ya daraja la kwanza. Alikumbuka kuinua mkono.

Kisha akamgeukia Shangazi, aliyekuwa amesimama kizimbani na kanga yake ya siku zote.

"Mama, wewe ndiwe uliyetoa programu hizi?"

"Hapana, Mheshimiwa. Mimi nilipewa, nikatumia."

"Ulipewa na nani?"

"Majina yao yako humohumo ndani. Fungueni muone. Wale hawamsahau mtu."

Wakatafuta wa kuifungua mashine. Kompyuta mpya za wizara nazo zilikuwa zimefunikwa kwa shuka tangu leseni zake ziishe, na katika wizara nzima aliyejua kushika kipanya alikuwa mmoja. Nikaitwa mbele. Bwana Tindwa alikuwa amekwisha kunikabidhi mwavuli asubuhi ile, nikauegemeza ukutani, bado ukiwa ndani ya nailoni yake.

Nikafungua ukurasa wa watengenezaji. Karani akaanza kusoma. Na kwa kuwa sheria inasema kila mtoaji akitajwa apigiwe makofi kumi na matatu, tukapiga. Jina la kwanza, kumi na matatu. La pili, kumi na matatu. Majina yalikuwa ya kila namna, mengine yanakwama kooni mwa karani kama mwiba wa samaki, akayatafuna hivyohivyo nasi tukapiga. Baada ya saa nzima viganja vilikuwa vyekundu. Wawili wa mstari wa tano walipelekwa zahanati. Mmoja alianza kupiga makofi kwa mapaja.

"Wamebaki wangapi?" aliuliza Mheshimiwa, jasho likimtoka.

"Mheshimiwa," alisema karani, "bado tuko herufi A."

Hapo ndipo kidole changu kilipozungusha gurudumu la kipanya. Sikuwa na nia yoyote. Nilitaka tu kujua mateso yataisha lini. Herufi zikapita mbio. Nikasimama kwenye S.

*Shaweji – neno "hifadhi" (Kiswahili).*

Na chini yake kidogo:

*Sikudhani – tafsiri ya Kiswahili.*

Karani alikuwa anakunywa maji. Skrini ilikuwa inanitazama mimi peke yangu.

"Basi!" alisema Mheshimiwa. "Hawa ni wengi mno. Zawadi yenye watoaji wengi hivi ni sawa na isiyo na mtoaji. Mkurugenzi, soma sheria."

Bwana Tindwa akasoma: "Kifungu cha tisa. Zawadi huacha kuwa yatima iwapo mtoaji wake, hata mmoja, akiwa raia wa nchi hii, atasimama mwenyewe na kutaja jina lake mbele ya kiti. Hapo itarudishwa kwa mpokeaji papo hapo."

"Nimesimama," alisema Shangazi. "Mimi nimo. Nimetafsiri."

"Kifungu cha kumi. Mpokeaji hawezi kuwa mtoaji. Akijipa mwenyewe, atajishukuru mwenyewe, na Wizara itakosa kazi."

"Kuna mwingine?" aliuliza Mheshimiwa. "Katika ukumbi huu, kuna yeyote anayemjua hata mmoja wa watoaji hawa?"

 Shangazi alinitazama. Hakunitazama sana, kiasi cha mizani nane tu, nusu mstari. Hakuninyooshea kidole. Mtu ambaye jina lake nililifanya kizibo hakutaka kulifanya langu kamba.

Mimi nilizungusha gurudumu kurudi nyuma, taratibu, mpaka A.

Sikusema uongo. Naomba hilo lieleweke. Hakuna aliyeniuliza kwa jina, na mtumishi wa Daraja la Kwanza hajibu swali lililoulizwa ukumbi mzima. Hayo niliyajibu moyoni, kwa ufasaha mkubwa, na yote yalikuwa na vina.

Hukumu ikatoka. Mheshimiwa Mkunde, kwa huruma yake, angeziasili kompyuta zote sita. Jumamosi, Siku ya Shukrani, zingerudishwa kibandani kama zawadi yake, picha yake ikiwa kwenye kila skrini, na mashine isingefunguka mpaka mtumiaji achape *Asante Mheshimiwa uliyenipa*. Shangazi angezipokea kwa mikono miwili na kuyasema maneno hayo kwa kipaza sauti. Asipoyasema, zibaki Kituoni milele pamoja na pampu na saa. Na mimi ningesoma shairi langu, Sikudhani akitolewa na Mheshimiwa akitiwa mahali pake.

*

Jumatano nilikaa kutunga. Alhamisi nikakaa. Mimi, niliyeota mizani vidoleni kabla ya kucha, nilihesabu nusu ya mstari wangu mwenyewe nikapata saba. Nikaanza upya, nikapata tisa. Kila nilipoliondoa lile jina, ubeti wote uliinama upande mmoja kama nyumba iliyonyang'anywa nguzo. Bwana Tindwa akapita mezani.

"Mbona unachelewa, Daraja la Kwanza?"

"Mizani, Mkurugenzi."

"Weka 'Mheshimiwa'. Linaingia popote."

Ijumaa mchana nikauchukua mwavuli wangu nikaenda nyuma ya soko la nguo. Jua lilikuwa kali, watu wakanipisha njia. Kibanda kilikuwa wazi. Meza sita zilikuwa zimebaki na alama sita za mraba, safi, zilizozungukwa na vumbi. Shangazi alikuwa mlangoni, anaandika barua ya mteja kwa mkono, na nyuma yake foleni imefika kwa muuza maandazi. Mwajabu fundi cherehani alikuwa wa nne, ameshika kipande cha gazeti alichochorea gauni kwa mkaa.

"Ehe, Serikali imekuja," alisema Mwajabu. "Msogezeeni kivuli chake, tusije tukakikanyaga."

Watu wakacheka. Shangazi hakuinua kichwa.

"Funga huo mwavuli," alisema. "Nikuone uso."

Nikaufunga.

"Shangazi, ni mimi niliyekutaja."

"Najua. Maofisa wa lori walinisomea ubeti. Nani mwingine mtaa huu anaweka 'kibandani' na 'jaani' kwenye mistari inayofuatana?" Akachovya kalamu, akaandika neno moja zaidi. "Nataka kujua sababu tu. Tulikosana?"

"Hapana."

"Nilikunyima kitu?"

"Hapana, Shangazi."

"Sasa?"

Nilitamani kuwe na sababu kubwa. Hofu, au vitisho, au hata chuki, kitu ambacho mtu anaweza kukitubia kikasikika. Nilichokuwa nacho ni hiki:

"Nilipungukiwa mizani nne."

Hapo akainua kichwa.  Akaiweka kalamu chini.

"Jina la mtu si kiraka, malenga."

"Najua."

"Hujui. Ungelijua ungelisema Jumanne. Ile siku uliponipa neno, walioko kule, wenye kuzitengeneza programu, waliniuliza: hili neno zuri, nani kalitoa? Nikawaambia yuko kijana hapa, Shaweji. Wakaandika. Hawakuniuliza ana cheo gani, hawakutaka picha yako. Hawakupiga kofi hata moja. Neno moja tu, na jina lako wakaliweka. Wewe nililiweka lako mahali pa kudumu. Langu umeliweka wapi?"

 Mashairi yote niliyoyajua yalikuwa ya mabeseni.

"Kesho utasema yale maneno, Shangazi?" niliuliza. "Asante Mheshimiwa uliyenipa?"

"Siwezi kumshukuru asiyenipa. Nikimshukuru yeye, walionipa nitawaambia nini?" Akageuka akazitazama zile meza. Sauti ikapungua. "Lakini na hawa nao nitawaambia nini?" Alikuwa anaonyesha foleni. Mikono yake ilikuwa imechafuka wino mpaka kwenye vifundo, na kidole cha kati kilikuwa na malengelenge.

"Kifungu cha tisa," nikasema.

"Kinasemaje?"

"Akisimama mmoja tu. Raia. Akataja jina lake mbele ya kiti."

"Nakikumbuka. Kilisomwa nikiwa nimesimama." Akaichukua tena kalamu. "Na huyo mmoja atanyang'anywa mwavuli."

"Atanyang'anywa kila kitu. Kuna kifungu cha kumi na mbili, kuficha mtoaji. Hicho si cha mchezo."

"Basi usiniambie mimi kwa kunong'ona. Watu kama wewe mkinong'ona mnajisamehe njiani. Sema kwa sauti, Mwajabu asikie, na yule wa maandazi asikie."

Nikautazama mwavuli. Niliuegemeza kwenye meza ya tatu kutoka mlangoni, juu ya alama ya mraba iliyoachwa na mashine yangu. Foleni ikasogea karibu. Muuza maandazi akaacha kukoroga mafuta.

"Shangazi Sikudhani," nilisema, na sauti yangu ilitoka bila vina, "kesho, mbele ya kile kiti, shairi sisomi. Nitasoma majina. Nitaanza na langu, Shaweji, mizani tatu, halina kina. Halafu nitasoma lako. Halafu nitarudi herufi A na kuwasoma wote, hata wasioingia kwenye mstari, mpaka wanishushe."